Kiti cha Upande wa Bara

Mikidadi hakuwa mtu wa kubembeleza maneno. Siku Badar bin Nasor, mwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya mji wa Bagamoyo, alipomwita na kumwambia kwamba mashamba yameuzwa, na kwamba kwa kazi ya miaka thelathini na moja anataka kumpa zawadi, ama godoro nene ama kabati la vioo, Mikidadi alimjibu palepale.

"Godoro ninalo. Kabati nitaweka nini ndani? Nipandishe ndege."

"Ndege ya kwenda wapi?"

"Popote, mradi ipite juu ya majaruba yako."

Badar alicheka mpaka akavua miwani. Alipoona mwenzake hacheki, akaivaa tena, akachukua simu na kuuliza. Ilikuwepo ndege ndogo ya kutoka Dar kwenda Tanga, iliyotua Saadani kwanza kushusha watalii. Hiyo haikukata baharini. Ilifuata pwani, na Bagamoyo ilipita karibu mno, mtu akaweza kuona kuku barazani. Hilo la kuku alilitia chumvi Badar mwenyewe.

Kisa cha ndege kilikuwa tuta.

Mwaka ule wa mvua za Elinino maji yalibomoa kingo zote za majaruba, yale mabwawa ya kukaushia chumvi. Mvua zilipokatika, Badar alitaka tuta jipya kubwa la kuzuia bahari, kuanzia barabarani mpaka kwenye hori, pale maji ya bahari yanapoingia katikati ya mikoko. Mikidadi ndiye aliyepima. Alitangulia mbele akichomeka vijiti kwenye tope, na rafiki yake Abuu akamfuata nyuma na watu ishirini wenye machepe. Abuu alikuja na kamba ya kunyooshea mstari. Mikidadi akaikataa. Mbele kule, horini, palikuwa na mashua imetia nanga, na mlingoti wake ulichomoza juu ya mikoko.

"Kamba ya nini?" alisema. "Alama ile pale. Tunaulenga mlingoti mpaka tufike."

Walifanya kazi siku kumi na moja. Siku ya mwisho Abuu akageuka, akatazama walikotoka, akatema mate.

"Limepinda."

"Limenyooka."

"Mikidadi, tuta limepinda. Limekwenda mkono wa kushoto."

"Macho yako ndiyo yamekwenda mkono wa kushoto."

Tangu siku hiyo ilikuwa miaka ishirini na saba, na hawakupata kukubaliana. Hapakuwa na mahali pa kusimama ukaliona tuta lote. Ukiwa barabarani, mikoko imeziba. Ukiwa juu ya tuta lenyewe, unaona hatua mia mbele na mia nyuma, na hatua mia za kitu chochote zinaonekana zimenyooka. Walibishana kwenye maziko, wakabishana kwenye harusi ya binti wa Abuu mpaka bwana harusi akawaomba watoke nje. Husseni muuza kahawa aliwahi kuwaletea picha ya angani kwenye simu. Abuu aliisukuma kando.

"Simu hiyohiyo inayomfanya jirani yetu Ashatu aonekane mweupe na hana hata chunusi? Hiyo inanyoosha uso wa mtu, itashindwa kunyoosha tuta? Nataka jicho la mtu."

Sasa Abuu alikuwa kitandani nyumbani kwake Dunda, mtaa wa Bagamoyo, tangu mwezi wa Rajabu, kiharusi kimemchukua miguu. Na mwenye mashamba mpya alitaka kufuga kamba wa baharini. Msimu wa chumvi ukiisha tingatinga lingeingia, tuta likasawazishwa, na ubishi ukafukiwa pamoja nalo bila mtu kujua nani alisema kweli.

Jioni moja kabla ya safari Mikidadi alikwenda kumtazama. Shufaa, mkewe Abuu, alileta chai, na wale wanaume wawili wakaanza kupanga safari juu ya shuka.

"Shuka hili ndilo bahari," alisema Abuu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzima bado, na ulikuwa unaamrisha kama zamani. "Mto huu wa kichwani ni bara. Kikombe ni Bagamoyo. Kisahani ndicho ndege. Haya, kinatoka Dar, kinakwenda Tanga. Kikombe kiko mkono gani?"

"Kushoto."

"Basi kaa kushoto. Asubuhi jua linatoka baharini, litakuwa kulia kwako, wala halitakupiga machoni. Utatazama bara limewaka lote. Umesikia? Hata akija malaika akikwambia kulia, wewe kaa kushoto."

"Nimesikia."

"Na usinidanganye. Likiwa limenyooka, niambie limenyooka. Nikifa nife najua."

"Utakufa na ubishi wako tu," alisema Shufaa. "Watu wazima mnachezea vyombo vyangu."

"Sikudanganyi," alisema Mikidadi. "Limenyooka. Nitakuja kukwambia limenyooka."

Asubuhi ya safari alivaa shati jeupe na kofia ya vito, akafika uwanjani kabla hata wafagiaji hawajamaliza. Ndege ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani: viti kumi na viwili, mstari mmoja wa viti vya mtu mmoja kushoto, na viti viwiliviwili kulia. Mabawa yalikuwa juu, kwa hiyo chini hapakuzibwa na kitu. Viti havikuwa na namba. Watalii wanne walikuwa wamesimama mlangoni wakipigana picha. Mikidadi aliwapita kwa bega, akaenda kukaa kushoto, kiti cha pili nyuma ya rubani. Akafuta kioo kwa kofia. Akamshukuru Mungu.

Upande wa pili wa kijia, kwenye dirisha la kulia, alikaa mama mmoja mnene wa makamo, amevaa baibui, tasbihi mkononi. Aliitwa Bi Kulthum. Alikuwa na duka la vitambaa Tanga, na alimweleza hayo kabla hajaulizwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza ili asisikie moyo wake unavyopiga.

Ndege ikaanza kutembea. Ikapinda, ikapinda tena, ikaenda mwisho wa njia yake, ikageuka na kusimama, na pangaboi la mbele ya ndege likaongeza ukali. Hapo ndipo jua lilipoingia kwenye dirisha la Mikidadi. Lilimkaa pajani, jekundu bado, likapanda mpaka kifuani.

Akalitazama. Jua lilikuwa kushoto.

Mtu aliyefanya kazi ya chumvi miaka thelathini na moja hahitaji dira kulisoma jua. Jua linatoka baharini, hilo halina mjadala. Likiwa kushoto, bahari iko kushoto. Basi bara liko kulia. Kile kisahani cha Abuu kilikuwa kimekwenda kinyume, na yeye alikuwa amekaa kutazama maji matupu mpaka Tanga. Akafungua mkanda, akainama kuvuka kijia.

"Bibie, salaam alaykum. Naomba tubadilishane viti."

"Alaykum salaam. Kiti chako kina nini?"

"Hakina kitu. Kiko upande mbaya."

"Kwangu mimi kila upande ni hewa tu," alisema Bi Kulthum. "Nikipanda nafumba macho, nikishuka nafumbua. Njoo ukae, baba, ila fanya haraka."

"Mzee, mkanda!" alipiga kelele rubani. Mikidadi alikuwa amekwishakaa dirisha la kulia.

Ndege ikakimbia, ikatetemeka, kisha ikaacha kutetemeka. Mabati ya Ukonga yakazama. Nyumba zikawa viberiti, magari yakawa siafu wenye adabu, wamepanga mstari. Mbele, upande wa kulia, kilionekana kijani cha vilima vya Pugu. Alijisemea: vyema, bara hili hapa, kulia, nimefanya jambo la akili.

Kisha bawa moja likazama, lingine likanyanyuka, na jua likaanza kutembea.

Lilitoka kwenye dirisha la kushoto, likapita kwenye shingo ya Bi Kulthum, likavuka kijia, likawapitia wale watalii mmoja mmoja kichwani, taratibu, kana kwamba kuna mtu kashika taa anakagua abiria. Ndege nzima ilijaa mwanga wa dhahabu ukizunguka. Mwisho likaja kutua kwa Mikidadi, likampiga machoni, likakaa hapo. Bawa likarudi sawa. Chini yake sasa palikuwa na bahari, na bahari, na mbali kule weupe wa fungu la mchanga.

Ilikuwa Agosti, kusi inavuma, ule upepo wa kutoka kusini. Chombo cha majini kinachokwenda Tanga wakati wa kusi kinaupa upepo mgongo na kwenda. Huyu ndege alikuwa ameupa upepo uso kwanza, ili umnyanyue, halafu ndiyo ageuke. Hakuna mtu aliyemwambia Mikidadi hivyo. Naye mwenyewe hakuuliza.

"Bibie."

"Mh."

"Kile kiti."

"Kina nini tena?" Bi Kulthum alikuwa amefumba macho mpaka pua imekunjana.

"Nakitaka."

"Umenitoa mwenyewe, umenileta huku mwenyewe. Sasa nimejifunga, na mkanda huu sifungui mpaka nisikie tairi zimegusa ardhi."

"Dakika tano tu."

"Dakika tano zinatosha mtu kufa."

Mikidadi alijiinua kidogo, akachungulia juu ya baibui lake. Katika kipande kidogo cha kioo alichoachiwa, pwani ilikuwa inapita. Aliijua. Mbweni ilikuwa imekwishapita. Kutoka Dar kwenda Bagamoyo kwa basi, mtu anamaliza mfuko wa karanga na usingizi mmoja. Hapa yalikuwa mambo ya pumzi chache.

"Bibie, nina mgonjwa."

"Mungu amponye. Yuko nje ya dirisha?"

"Yuko Dunda, kitandani, hana miguu. Kanituma nimtazamie kitu, kipo hapo chini, upande wako. Tumekijenga pamoja. Nisipokiona leo hakitaonekana tena, kinabomolewa. Nimemwahidi." Hakuzoea kuomba. "Kaniambia nikae kushoto, na mimi nimejifanya najua."

Tasbihi ilisimama. Bi Kulthum hakufumbua macho.

"Kiti siachi," alisema. "Ila mimi si ukuta. Nitaegemea nyuma kabisa. Piga magoti hapo kwenye kijia, utazame mbele yangu. Na lete hiyo kola."

"Kola ya nini?"

"Nikushike, usije ukaniangukia."

Basi Mikidadi, mtu wa miaka hamsini na minane, akapiga magoti kwenye kijia cha ndege, mikono kwenye ukingo wa dirisha, na mama wa watu amemkamata kola kwa nyuma kama anayepeleka mwizi kwa mjumbe.

"Mzee! Wewe nyuma huko! Rudi kitini!" alipaza sauti rubani.

"Endesha ndege yako, mwanangu!" akajibu Bi Kulthum, macho bado yamefumbwa. "Huyu nimemshika mimi!"

Mbegani ilipita, maji yake yamejikunja ndani ya nchi yakimetameta. Ikaja Bagamoyo. Alitafuta nyumba yake akaikosa, akatafuta Dunda akaona mabati na minazi tu, na mahali fulani chini ya bati mojawapo Abuu alikuwa amelala akitazama dari na kuhesabu dakika. Mji aliozaliwa ndani yake, alioutembea kwa miguu maisha yake yote na kuuona hauna mwisho, ulipita wote kabla hajavuta pumzi mara tatu.

Kisha yakaja majaruba.

Alikuwa anayajua kwa nyayo. Jaruba la tatu linateleza, la saba lina kaa wengi, la kumi na mbili maji yake yanachoma vidonda. Alijua uzito wa chepe na weupe unaouma macho saa sita. Hakujua kwamba yana rangi. Yale ya karibu na hori, ambamo maji ya bahari yalikuwa yameingia juzi tu, yalikuwa ya kijani. Yaliyofuata yalikuwa rangi ya chai. Yaliyofuata hayo, ambamo maji yamelala na kuchemka juani wiki nyingi, yalikuwa mekundu, kutoka wekundu wa ubuyu mpaka uwaridi wa kucha za mtoto mchanga. Mwisho yakaja meupe, na ndani yake marundo ya chumvi, na kila rundo lina kivuli chake kimoja cheusi. Yote yamepangwa kwa mistari, mkeka mmoja mkubwa wa rangi uliotandikwa kati ya mikoko na nchi kavu, jua la asubuhi likiupiga kwa ubavu mpaka unawaka. Nani alikuwa ameusuka? Yeye. Yeye na Abuu na wale ishirini, wengi wao wamekwisha kufa, na hakuna hata mmoja aliyepata kuuona.

Alibandika kiganja kwenye kioo. Miaka thelathini na moja ikaenea chini ya kiganja.

Akakiondoa upesi, maana alikuwa na kazi. Tuta.

Aliliona lilipoanzia, barabarani. Akalifuata kwa jicho. Mwanzoni lilikuwa limenyooka, na moyo wake ukaruka. Kisha likajongea kidogo upande mmoja na kurudi. Likajongea tena, likarudi. Kila pindo lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia, na kadiri tuta lilivyokaribia hori ndivyo mapindo yalivyopanuka, mpaka ya mwisho yakawa mawimbi kamili, laini, yamelingana, yanaelekea baharini. Tuta lote lilikuwa linatembea kama samaki mkunga majini.

Hakuna mkono wa mtu uliokusudia kile kitu. Aliyahesabu, midomo ikicheza. Kumi na moja. Akayahesabu tena kutoka mwisho. Kumi na moja. Na la tano kutoka barabarani lilikuwa fupi, nusu ya wenzake, na nusu nyingine haipo.

La tano. Walianza Jumatatu. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa waliweka machepe chini kabla ya adhuhuri wakaenda msikitini.

Pale magotini akaelewa. Mashua ile ilikuwa na nanga moja. Maji yakitoka, inaelekeza kichwa bara. Maji yakijaa, inageuka kuelekea bahari, na mlingoti unahama nayo, taratibu, hakuna wa kuuona ukihama. Asubuhi ulikuwa hapa, alasiri uko kule, na kadiri walivyoukaribia ndivyo ulivyowapindisha zaidi, na yeye ameukazia macho mchana kutwa, anaufuata, anachomeka vijiti. Kila mtoto wa Bagamoyo anajua chombo nangani kinageuka. Yeye pia alijua. Alijua, na siku kumi na moja akaufuata mlingoti, kama alivyolifuata jua asubuhi hii ndege ikiwa bado haijageuka.

Na bahari, isiyo na mkono wala chepe, ilikuwa imemshika mkono siku zote hizo ikaandika kupwa na kujaa kwake juu ya tope, siku baada ya siku, na hata kusali kwao Ijumaa ikakuandika. Maandishi yalikaa hapo miaka ishirini na saba yakisubiri mtu atazame kutoka juu.

"Subhanallah," alisema Mikidadi. Sauti ilimtoka ndogo, si yake.

Bi Kulthum akavuta kola. "Nini? Tunaanguka?"

"Fumbua macho."

"Sifumbui."

"Fumbua, mama. Nakuomba. Linapita."

Labda ni ile sauti. Bi Kulthum alifumbua jicho moja, kisha la pili, akainama mpaka kilemba cha ushungi wake kikagusa kioo.

"Yule nyoka wa udongo," alinong'ona, "nani kamtengeneza vile?"

Mikidadi alitaka kusema ni yeye. Akaona haitoshi.

"Sisi," alisema. "Sisi na maji."

Mto Ruvu ukaja, ukitapika tope lake jekundu ndani ya bahari ya buluu, na majaruba yakabaki nyuma. Bi Kulthum hakufumba macho tena. Wala hakuiachia kola mpaka Saadani.

Ndege ilitua kwenye kiwanja cha nyasi. Watalii wakashuka, rubani akatoka kuwashushia mizigo, na alipompita Mikidadi alimtazama magoti yake yaliyojaa vumbi, akatikisa kichwa. Mikidadi alisimama chini ya bawa, simu juu hewani, akitafuta mtandao. Ulipokuja alipiga. Haikulia hata mara mbili.

"Haya," ilisema sauti ya Abuu. "Sema."

"Limepinda."

"Alhamdulillahi! Shufaa! Shufaa, njoo usikie kwa masikio yako! Sikukwambia? Sikukwambia limekwenda kushoto?"

"Ngoja, sijamaliza. Limekwenda kushoto, likarudi kulia, likaenda tena. Mara kumi na moja."

Mikidadi alisikia kijiko kinawekwa kwenye kisahani.

"Kumi na moja," alisema Abuu polepole.

"Ule mlingoti, Abuu. Mashua ilikuwa inageuka na maji. Ulileta kamba, nikaikataa. Nimekosa."

Abuu hakulichukua lile neno alilolisubiri miaka ishirini na saba. Lilipita tu. Alikuwa anawaza kitu kingine.

"Moja kwa kila siku," alisema.

"Moja kwa kila siku."

"Basi Ijumaa..."

"Ijumaa ipo. La tano. Fupi, limekatwa katikati."

Mikidadi alisikia rafiki yake anavuta pumzi, pumzi ndefu yenye mtetemo, kisha Shufaa anauliza kwa mbali, "Una nini, mbona unalia?" na Abuu anamwambia nyamaza, mwanamke, nyamaza kidogo.

"Mikidadi. Ulikaa kushoto?"

"Nilikaa kulia. Nikapiga magoti kushoto."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

Rubani alikuwa amekwisha kupanda, pangaboi linaanza kuzunguka. Bi Kulthum alichungulia dirishani, akampungia mkono aje upesi. Kiti cha kushoto kilikuwa wazi. Alikuwa amehama mwenyewe, amekaa kulia, paji la uso kwenye kioo.

"Nielezee," alisema Abuu. "Usiruke hata moja. Anzia barabarani."

Mikidadi aliziba sikio la pili kwa kidole, akaupa upepo mgongo.

"La kwanza," alisema, "huwezi hata kuliona. Ni dogo sana. Maji yalikuwa bado yanatuonea haya."

Naye akaendelea na la pili, na la tatu, taratibu, huku ndege ikimngoja.